Mkandaji Aliyetaka Tugombane

Mara ya kwanza kumjua vizuri nilikuwa nimemkalia mume wangu miguuni. Mume wangu alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka bila shati, na yule mwanamke amepiga magoti ubavuni kwake, mikono imepakwa samli, ananitazama kwa subira ya mtu anayengoja maji yachemke. Akaniambia, "Haya, Mama Nekesa. Anza kugombana na yeye."

Nikamwambia sina ugomvi naye.

"Huyu ni bwana yako ama ni jirani?"

"Ni bwana yangu."

"Basi ugomvi uko. Tafuta."

Hapo Nakuru, katika landhi ya reli, watu wote walimwita Mkandaji, hata watoto, hata mchungaji akiwa mimbarani. Bila shaka alikuwa na jina na ukoo na mahali alipozaliwa, lakini nikianza kuyatafuta hayo nitakuwa naandika habari za mtu mwingine. Ninayemkumbuka mimi ni mwanamke mfupi, mpana, mwenye vidole gumba vilivyopinda kwa nyuma kutokana na kazi, aliyekuwa akipita katikati ya safu za nyumba zetu huku akitazama migongo ya watu badala ya nyuso zao. Ukimsalimu kwa mbele alichelewa kukutambua. Ukishampita akakuona kwa nyuma, alikuita pale pale na kukuuliza ulilaliaje jana.

Landhi, kwa asiyejua, ni zile nyumba za safu ambazo reli iliwajengea wafanyakazi wake. Familia moja ilipewa chumba kimoja, na ukuta kati yako na jirani haukufika darini. Chumba kilifuata kazi. Mwanamume akiacha kazi, au kazi ikimwacha yeye, ufunguo unarudishwa na familia inapanda treni kurudi ilikotoka. Kwetu sisi ni Kimilili, na mimi sikutaka kurudi Kimilili. Mtoto wetu wa kwanza, Wafula, alikufa kwa surua hapa Nakuru wakati baba yake yuko safarini na treni ya mizigo. Siku zile za Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni ruhusa za kusafiri hazikupatikana upesi, kwa hiyo tulimzika hapa hapa, kwenye makaburi ya nje ya mji. Kila Jumapili baada ya kanisa nilipita kumwona. Tukifukuzwa landhi, ningemwacha peke yake. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, wala si mgongo wa mtu.

Na mgongo wenyewe uliumia kwa upuuzi. Mume wangu alikuwa brekiman. Kazi yake ilikuwa kufunga breki za mabehewa ya mizigo na kuyaunganisha kwa minyororo, na kama angeumizwa na behewa ningemhurumia mpaka leo. Lakini alasiri moja viazi vilifika stesheni kutoka Keringet, katika magunia yaliyoshindiliwa mpaka yakaota shingo, na mpakizi mmoja akasema wanaume wa kwetu hawawezi kuinua kitu kizito kuliko tonge la ugali. Baba Nekesa akavua kofia. Akalichukua gunia, akalipandisha kichwani, akageuka ili aonekane vizuri, na hapo kwenye kugeuka akabaki. Walimleta nyumbani kwa mkokoteni ule ule wa viazi. Watoto wa landhi walidhani tumenunua chakula cha mwaka mzima, wakaja mbio na vikapu.

Msimamizi wake hakuwa mtu mbaya. Alisema hiyo si ajali ya reli, ni ajali ya mdomo, lakini alimpa muda mpaka mwisho wa mwezi. Mwezi ukiisha aje aunganishe mabehewa kwa mikono yake mwenyewe, na asipoweza alete ufunguo. Hospitali walimpa vidonge na kumwambia apumzike. Alipumzika mpaka akakauka. Hakuweza kuinama wala kuinuka, na alikuwa akiniita nimfunge viatu ambavyo hakuwa na mahali pa kwenda navyo. Ndipo nikamwita Mkandaji.

Kanuni yake ya kwanza ilijulikana mpaka mtaa wa Bondeni: hamgusi mwanamume mwenye mke mpaka mke mwenyewe amkalie miguuni. Wengine walisema ni heshima tu, ili pasiwe na maneno. Wengine walisema ni kwa ajili ya uzito, mtu asirushe mateke. Yote yalikuwa kweli, lakini sababu kubwa ilikuwa ugomvi. Mkandaji aliamini kwamba mgongo unaoumia humsikiliza mkandaji. Ukigusa hapa unajikaza, ukigusa pale unajikaza, hata kabla hujagusa unajikaza. Lazima mwenyewe asahaulishwe. Na hakuna kinachomsahaulisha mwanamume mgongo wake kama mke anayesema uongo juu yake, au, mbaya zaidi, ukweli. Mke anasema, mume anainua kichwa ajibu, pumzi inaingia, mabega yanaachia, na katika nafasi ile ndogo kabla neno halijatoka vidole gumba vya Mkandaji vinashuka. Ko. Mfupa umerudi nyumbani kwake, na jibu limegeuka kuwa mayowe.

Ndiyo maana wanaume wa landhi walilalamika kwamba kwa Mkandaji hakuna mume aliyewahi kushinda ugomvi. Wake zao hawakuona kuwa hilo ni tatizo. Nawajua wanawake waliompelekea waume wazima kabisa.

Makapera ndio walioona taabu. Mkandaji aliwaazimia mke, na mke aliyependa kumwazima alikuwa Mama Atieno wa safu ya tatu, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kumenya ndizi. Mama Atieno hakuhitaji kumjua mtu ili amgombeze. Alimkalia kapera miguuni, akamtazama kisogo, akaanza na mama yake. Vijana wengi wa karakana walichagua kuchechemea.

Sharti la pili lilikuwa kwamba si kila ugomvi unafaa kila kiungo. Aliyapanga maneno yetu kwa jinsi mwenye duka anavyopanga bidhaa. "Ugomvi ya mama mkwe ni dawa ya shingo," alikuwa akisema. "Ya chakula inafungua bega. Lakini kiuno haidanganywi na mambo ya chumvi. Kiuno inataka ile maneno mtu hajawahi kusema." Ukianza ugomvi mdogo kwa kiuno alikukatiza katikati, akakuambia urudi nyumbani ukafikirie.

Kwa kuwa kuta hazikufika darini, mgonjwa akiingia kwake vyumba vya pembeni vilijaa wageni ambao hawakualikwa, wengine wamekuja na njugu. Mkandaji aligonga ukuta kwa mwiko. "Wenye masikio huko, toeni." Kimya kinaingia, kisha mtoto anakohoa, kisha mtu anamfinya mtoto. Yeye mwenyewe hakurudia kamwe neno alilolisikia kazini, na aliyasikia ya kuvunja nyumba za watu. Ukimchokoza akuambie nani alisema nini, alikujibu kwamba yeye husikia mifupa tu, maneno hupita juu.

Alikuwa na chombo kimoja, mwiba wa nungunungu uliosuguliwa ncha mpaka ukawa butu. Huo ulikuwa wa maumivu yasiyotaka nguvu: kichwa, meno, tumbo la wanawake. Aliubonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada, au nyuma ya kifundo cha mguu, au chini ya sikio, akaukandamiza hapo akihesabu kimoyomoyo huku midomo ikicheza. "Hii haiingii ndani," aliwaambia waoga. "Inabisha hodi tu." Baadaye, nilipokuwa na mimba ya mdogo wake binti yetu Nekesa na kila kitu kinanitoka, aliubonyeza ndani ya mkono wangu, juu kidogo ya kiganja, na kichefuchefu kikaondoka. Sijui kilikwenda wapi. Nadhani kilimwendea mume wangu, maana wiki hiyo ndiye aliyeanza kukataa mboga.

Watu walibuni kwamba alifundishwa na Mhindi wa duka la dawa, wengine kwamba alifundishwa ndotoni. Nilipomuuliza alisema alifundishwa na punda, wale wa mikokoteni ya maji. "Punda ukimbonyeza vibaya anakujibu hapo hapo kwa teke. Binadamu ukimbonyeza vibaya anasema asante, halafu anaenda kukusema kwa mtaa."

Huyu mwanamke aliyewatoa wanaume wazima machozi alikuwa akiogopa sindano kupita kiasi. Nesi wa chanjo alipokuja landhi, Mkandaji alijifungia bafuni na kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti ili ionekane yumo kazini. Nusu ya wagonjwa wake walijipanga nje kumngoja, na nyuso zao zilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona hata Krismasi. Alipotolewa alishika mkono wangu. "Mama Nekesa, nitusi kidogo." Nikamwambia yeye ni mchoyo, kwamba kwa watu anakunywa chai yenye sukari mpaka kijiko kinasimama, lakini kwake chai ni ya chumvi. Akafungua mdomo anijibu, nesi akachoma. Alikaa wiki nzima bila kunisemesha, na haikuwa kwa sababu ya sindano.

Tena ilikuwa kweli. Kwake ulikunywa chai ya chumvi, na ulikunywa kwa sauti ya chini, kwa sababu nyumbani kwake, kama hakuna mgonjwa, ilikuwa marufuku kupaza sauti. Aliishi peke yake, mjane, katika chumba alichopewa na mpwa wake wa karakana, na mtu akicheka sana alimwonyesha mlango. "Kelele ni ya kazi," alisema. Alimsifu marehemu mumewe kuwa hawakugombana hata siku moja. Kisha aliongeza kwamba mume huyo alikufa na shingo yake imekaza vile vile.

Sasa nirudi kwa Baba Nekesa pale mkekani, maana mwezi ulikuwa unakwisha.

Siku ile ya kwanza nilijitahidi. Nilimgombeza juu ya gunia la viazi, na Mkandaji akasema hiyo si ya kiuno, hiyo dunia nzima imeshamwambia. Nikaambiwa nikafikirie. Lakini kabla sijamaliza kufikiria, yakanipata makubwa: mume wangu akaokoka. Ndugu wa wokovu walikuwa na desturi ya kuwatembelea wagonjwa, na wao hawakuja mikono mitupu, walikuja na maandazi. Baba Nekesa aliokoka akiwa amelala kifudifudi. Aliungama kwamba aliwahi kuiba kuku wa shangazi yake, na kwamba amekuwa mtu wa kiburi mbele ya magunia. Walipoondoka alinigeuzia uso mpole ambao sikuwa nimeuona hata siku ya harusi, akaniambia, "Bwana asifiwe, dada."

Nikamuuliza dada ni nani.

"Katika wokovu sisi sote ni ndugu," akasema.

Mnaweza kufikiri kwamba mke aliyeolewa na mtu wa hasira hushukuru mumewe akipoa. Wakati mwingine wowote ningeshukuru. Lakini wiki hiyo nilihitaji mume anayejibu, na nilikuwa nimepewa mume anayesamehe. Nikimkalia miguuni na kumwambia ni mvivu, anasema ni kweli dada, niombee. Nikimwambia ndugu zake ni wala bure, anasema tuwaombee na wao. Chini ya mikono ya Mkandaji mgongo wake ulikaa umekaza kama kawaida, ukisikiliza.

Mkandaji naye alikuwa mtu wa kanisa, tena alitoa sadaka kuliko sisi, lakini jambo hili lilimtia wazimu. Alimtukana mwenyewe. Bure. Akamleta Mama Atieno, ambaye alianza na mama mkwe wangu, akapanda mpaka babu, akashuka upande wa pili wa ukoo, na mwisho wake Baba Nekesa akamwalika kwenye ushirika wa Alhamisi. Mama Atieno alitoka akiwa amenyong'onyea. Alisema hajawahi kushindwa hivyo tangu aolewe.

Basi Mkandaji akaenda mwenyewe kwa mzee wa ndugu wa wokovu kumwomba Baba Nekesa aruhusiwe kukasirika mara moja, kidogo tu, kwa ajili ya afya. Mzee alimsikiliza kwa adabu, akamwambia, "Mama, dawa ya Mungu tunayo, ya hospitali tunaruhusu. Lakini ruhusa ya dhambi sisi hatuna. Hata tungekuwa nayo, tungeanza na wale walioomba zamani."

Ikawa Jumamosi. Jumatatu asubuhi msimamizi angemngoja yadi, na Baba Nekesa alikuwa bado anatembea ameshika ukuta. Nilikuwa nimeanza kufunga vyombo. Nilikwenda kuteka maji nikamkuta Mkandaji kwenye bomba, hajaleta hata ndoo.

"Ile ya kiuno," akaniambia. "Ile hujawahi sema. Uko nayo?"

Nikasema sina.

Hakunibishia. Alinizunguka kama anayetaka kupita, akasimama nyuma yangu kidogo akinitazama, kisha akasema, "Uko nayo. Leta jioni, kabla ya kafyu."

Jioni hiyo alikuja kwetu, na vyumba vya pembeni vilijaa mapema. Nilimkalia mume wangu miguuni, Mkandaji akaweka mikono kiunoni pake na kutulia. Nikaanza na soksi. "Bwana asifiwe, dada," akasema mume wangu. Nikaendelea na taa ya mafuta aliyoivunja akamsingizia mtoto. Akasema amekwisha kulitubu hilo. Mkandaji alinitikisia kichwa.

Sikuwa nimepanga. Nilisikia tu sauti yangu ikiwa ndogo, wala haikuwa ya kugombana. Nikasema, "Baba Nekesa, siku ile ulirudi na treni, ulikuta tumeshamzika Wafula. Ulivua viatu, ukakula, ukalala. Mpaka wa leo hujaniuliza tulimzika wapi."

Upande wa pili wa ukuta mtu aliacha kutafuna njugu.

Mume wangu hakusema Bwana asifiwe. Nilisikia miguu yake ikilegea chini yangu, yote miwili kwa pamoja. Aliinua kichwa, akakigeuza mpaka akaniona, na ule upole wa maandazi ulikuwa umemtoka machoni. Huyo alikuwa mume wangu mwenyewe. Pumzi ikaingia. Akafungua mdomo, akasema, "Mimi," na vidole gumba vikashuka.

Mlio wake ulisikika mpaka safu ya tatu. Alipiga yowe, akaruka, nikaanguka ubavuni, na nilipoinuka yeye alikuwa amesimama katikati ya chumba, wima, akijishika mgongo kwa mikono miwili na kushangaa. Akainama akagusa vidole vya miguu. Landhi nzima ikaingia. Watu walicheka, wakapiga makofi, mmoja akaanzisha wimbo, na Mama Atieno akadai kwamba kazi yake ya juzi ndiyo iliyolainisha. Katikati ya vurugu hiyo nilimtazama mume wangu naye akanitazama, kisha akatazama mlangoni walikokuwa wakiingia wengine. Mkandaji peke yake hakucheka. Alijifuta mikono, chai yake ya sukari ikiwa tayari mezani, akatoka bila kuinywa.

Jumatatu aliunganisha mabehewa. Msimamizi alimtazama akiinama na kuinuka, akamwambia akae mbali na viazi. Ufunguo ulibaki kwetu. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nilifungua vyombo nilivyokuwa nimefunga, nikapika kuku, na Jumapili nilikwenda makaburini kumwambia Wafula kwamba tunabaki.

Lakini jibu halikuja. Nililingoja usiku ule, na wiki ile, na baadaye nikalingoja bila kujua kuwa nalingoja. Hakulirudia, nami sikuuliza tena, kwa sababu swali kama lile mtu huwa na nguvu ya kuliuliza mara moja. Wokovu wake ulidumu mpaka pombe ya busaa kwenye harusi ya jirani. Akaacha kuniita dada, akarudi kuwa mtu wa kujibu kila neno, akanijibu juu ya soksi, juu ya taa, juu ya ndugu zake wala bure, na mgongo wake ukawa imara miaka yote. Mkandaji aliendelea kutania na kila mtu, na mimi pia. Ila tangu siku hiyo mgonjwa wa kiuno akija, sikuwahi kumwona akiharakisha. Nilidhani ni uzee unaanza.

Baada ya Uhuru watu wa landhi walitawanyika, naye akahamia kwa jamaa zake, nikawa namsikia tu kwa watu. Miaka mingi ikapita. Baba Nekesa alistaafu, na baadaye akafariki, tukamzika kwao Kimilili kama desturi ilivyotaka. Mimi nilirudi Nakuru, kwenye nyumba yetu ya mtaa wa Free Area. Siku moja nilikwenda mtaa wa Section 58 kumtazama mtoto mchanga wa rafiki yangu, na kwenye kibaraza cha nyumba ya pili nikamwona Mkandaji amekaa na sinia mapajani, akitoa minji kwenye maganda. Alikuwa amepungua sana. Ule upana wote ulikuwa umekwenda, ila mikono ilikuwa ile ile. Macho yalikuwa hafifu, ikabidi mpwa wake amwambie ni mimi. Akanivuta nikae karibu.

"Baba Nekesa alienda aje?"

"Kwa usingizi."

"Na mgongo?"

"Ilikaa sawa mpaka mwisho."

Aliendelea na minji yake kwa muda. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Alikujibu?"

Sikujifanya kwamba sielewi. Lakini niliuona uzee wake, na zile nywele nyeupe, nikaona hakuna haja ya kumwongezea mzigo. Nikamwambia, "Alinijibu. Jioni hiyo hiyo, watu walipotoka."

Akaweka sinia chini. Mkono wake ukapapasa bega langu, ukapanda mpaka nyuma ya shingo, na vidole gumba viwili vikatua pale mahali penyewe.

"Hii shingo imekaza," akasema. "Mama Nekesa, mimi nilisikia ile jibu ikikuja. Ilikuwa chini ya mkono yangu. Ningengoja kidogo amalize. Nimefikiria hiyo kitu sana."

"Jumatatu ilikuwa imefika, mama. Tungefukuzwa."

"Mgongo ingengoja."

"Haingengoja."

"Ingengoja," akasema. Alikuwa mbishi vile vile. Kisha akasema, "Haya, sema."

Nikasema. Nilimwambia kwamba hakuwahi kunijibu. Lakini siku ya kustaafu, wenzake wote walipokuwa wakipakia mabati na vitanda kurudi kwao, yeye alitoka asubuhi akaenda kununua ploti Free Area. Nilimuuliza kwa nini tusirudi kwetu, kwenye shamba la baba yake. Akasema maji ya Kimilili yanamsumbua tumbo. Mtu aliyezaliwa na maji hayo, aliyelelewa nayo, anasema hivyo akiwa Nakuru, ambako maji yametutia sisi sote meno ya kahawia. Nilimtazama, naye akatazama mlangoni, nikamwachia maji yake. Tukajenga. Chumba chetu akakipa dirisha upande wa makaburi, ingawa upepo wote hutokea huko, na nilipolalamikia baridi alisema fundi ndiye aliyekosea vipimo. Nilimgombeza fundi wa watu mwaka mzima. Nilimwambia Mkandaji hayo, na mengine ambayo sitayaandika hapa, na nilipofika kwenye habari za Wafula nikalia kama ambavyo sikulia wakati ule, kwa kuwa wakati ule nilikuwa nangoja baba yake arudi ndipo tulie pamoja.

Muda wote huo vidole gumba vyake vilikuwa shingoni mwangu. Si mara moja pumzi yangu iliingia na mabega yakaachia, na nilivisikia vikiijua nafasi hiyo, na mtu mwingine yeyote wa kazi ile angeshuka. Hakushuka. Alingoja nikamaliza. Alingoja nikapenga kamasi, na mpwa wake akaleta chai, ikaanza kupoa. Ndipo akasema, "Haya, sasa geuka."